Moses, Mtihani na Kabati la Mwalimu Mkuu

Orodha ya mahitaji ya muhula katika shule za msingi za Kampala inajulikana: rimu ya karatasi, ufagio, sabuni, karatasi za chooni. Baadhi ya shule huongeza kitabu cha hadithi, na hapo ndipo mzazi anapokwama. Kitabu gani? Kitasomwa saa ngapi, ikiwa mtoto anafika nyumbani jioni na mkoba uliojaa mazoezi ya kesho? Kitaulizwa kwenye mtihani? Shule moja humjibu kwamba riwaya ni burudani, nyingine kwamba zinajenga Kiingereza, na ya tatu huziondoa kabisa mtoto anapoingia darasa la saba. Zote tatu hudai kwamba zinamtakia mtoto mema.

Tutakayoitazama hapa ni aina moja tu ya kitabu: riwaya ya kusisimua ya watoto. Ni ile yenye safari, siri, pango, wafanyamagendo, na watoto wanaojiamulia mambo bila mtu mzima kuwashika mkono. Je, kitabu cha namna hiyo kinaweza kumwamshia mtoto wa shule ya msingi hamu ya kujifunza, na kitaigharimu shule nini?

Tulifikaje hapa

Mwaka 1997 Uganda ilianzisha elimu ya msingi kwa wote, UPE, na madarasa yakafurika karibu kwa usiku mmoja. Fedha za vitabu zilielekezwa kwenye vitabu vya kiada, jambo linaloeleweka, kwa kuwa watoto wengi hawakuwa na kitabu chochote. Mwaka 2007 ukaja mtaala wa mada kwa madarasa ya chini: darasa la kwanza hadi la tatu mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, la nne liwe la mpito, na kuanzia la tano Kiingereza kishike hatamu. Kampala ina hali yake. Darasa moja la Kisenyi au Kawempe linaweza kuwa na watoto wa Kiganda, Kinyankole, Kiacholi, Kisomali na Wakongomani waliokulia katika Kiswahili, kwa hiyo shule nyingi za mjini huanza na Kiingereza moja kwa moja. Matokeo yake ni watoto wanaotamka Kiingereza vizuri mapema, na ambao huenda hawaelewi nusu ya wanachokitamka.

Juu ya yote hayo upo mtihani wa kumaliza shule ya msingi, PLE. Karatasi ni nne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Alama bora kabisa ni jumla ya 4 na mbaya kabisa ni 36. Mtihani hufanyika Novemba, matokeo hutoka baada ya mwaka mpya, na magazeti huyachapisha kurasa kwa kurasa. Shule nyingi za msingi jijini ni za binafsi, na kwa shule inayoishi kwa ada, kurasa hizo ni tangazo la biashara lisilolipiwa.

Kisha ikaja korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 10, 2022, muda ambao hakuna nchi nyingine duniani iliyoufikia. Watoto waliporudi walipandishwa madarasa, mtaala ukafupishwa, na kila dakika ya ratiba ikaanza kuhesabiwa. Hata kabla ya hapo, tathmini za kusoma za shirika la Uwezo zilizoanza mwaka 2010 zilikuwa zimeonyesha mara kwa mara kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma na kuelewa hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mkanganyiko wa wazazi una mizizi hapa: mfumo unaohimiza kusoma kwa maneno huku ukilipa kitu kingine kwa alama.

Jambo moja lisisahaulike, kwa sababu mjadala huu huendeshwa kana kwamba riwaya za watoto ni wazo la wageni lililotua jana Entebbe. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Barbara Kimenye, mzaliwa wa Uingereza aliyeishi Uganda na kufanya kazi katika serikali ya Kabaka, alianza kuandika mfululizo wa Moses, uliochapwa na tawi la Nairobi la Oxford University Press. Moses ni mwanafunzi wa bweni katika shule ya Mukibi, mahali wanapoishia wavulana waliokataliwa na shule nyingine. Humo mna watekaji nyara, kambi, mzimu, na walimu wasiojua kinachoendelea chini ya pua zao. Kizazi kizima cha Afrika Mashariki kilivisoma vitabu hivyo kwa kuazimana, bila mwalimu kuwaambia, na mara nyingine bila mwalimu kujua.

Taharuki hufanya kazi gani

Watetezi wa riwaya hizi husema zinapanua mawazo, kauli pana mno isiyomsaidia mwalimu anayepanga ratiba. Kazi yake halisi ni ya kawaida zaidi, na inaelezeka.

Kwanza, taharuki humfanya mtoto avumilie asichokijua. Akikutana na neno geni katika kifungu cha ufahamu, huacha au huuliza. Akikutana nalo wakati mhusika amejificha nyuma ya mapipa na nyayo zinakaribia, hulikisia na kusonga mbele. Kukisia maana kutokana na muktadha ndiyo stadi yenyewe ya msomaji, na haifundishiki kwa orodha ya msamiati ubaoni.

Pili, na hili ndilo muhimu zaidi kwangu, riwaya nyingi za aina hii huja kwa mfululizo. Kitabu cha kwanza ni kigumu kwa sababu kila kitu ni kipya. Kitabu cha tatu ni chepesi: wahusika ni walewale, mahali ni palepale, maneno mengi yamekwisha kuzoeleka. Enid Blyton aliandika vitabu 21 vya Famous Five kati ya 1942 na 1963. Unaweza kuviona vina njama zinazofanana hadi kuchosha, na mtu mzima huchoka kweli. Kwa mtoto anayejifunza kusoma kwa lugha ya pili, kufanana huko ni msaada mkubwa, kwa sababu kila kitabu kinamrudishia maneno aliyoyapata katika kile kilichotangulia.

Tatu, riwaya ndefu humlazimisha mtoto kushika sababu na matokeo kwa kurasa nyingi. Ufunguo uliookotwa sura ya pili unafungua mlango sura ya tisa. Kifungu cha mtihani chenye aya tatu hakiwezi kumpa zoezi hilo.

Kambi ya kwanza: mtihani kwanza

Ni rahisi kuwadharau wanaosema riwaya zisubiri. Tusifanye hivyo. Mwalimu wa darasa la saba anajua kwamba nafasi ya mtoto katika sekondari nzuri inategemea tarakimu moja, na kwamba mzazi aliyeuza ng'ombe au kukopa kwenye kikundi ili alipe ada hatauliza mtoto amesoma riwaya ngapi. Katika shule ya UPE hali ni ngumu zaidi, maana darasa linaweza kuzidi watoto 70 na wapo ambao bado wanahangaika na silabi. Kumpa mtoto huyo kitabu cha kurasa 100 ni kumwongezea aibu. Riwaya haifundishi kuunganisha herufi na sauti. Anayeiona kama dawa ya tatizo hilo amekosea ugonjwa.

Udhaifu wa kambi hii uko katika hesabu yake yenyewe. Inachukulia kwamba saa moja ya riwaya ni saa moja iliyoibwa kwenye mtihani. Lakini karatasi zote nne za PLE zimeandikwa kwa Kiingereza, na mtoto anayesoma swali la hisabati mara tatu kabla ya kulielewa amepoteza muda ambao hakuna masomo ya alfajiri yatakayomrudishia. Masomo hayo ya ziada yanafanya kazi hadi kiwango fulani, kisha yanaanza kuzalisha kukariri tu. Shule nyingi za Kampala zimekipita kiwango hicho zamani.

Kambi ya pili: mfuriko wa vitabu

Ushahidi mzito zaidi wa upande wa pili hautoki Ulaya wala Marekani. Unatoka Fiji. Mwaka 1980 watafiti Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu 250 vya hadithi za kuvutia, kwa Kiingereza, katika kila darasa la nne na la tano walilolichagua kwenye shule nane za vijijini zisizokuwa na vitabu vya maana. Watoto walikuwa na miaka 9 hadi 11. Kama ilivyo kwenye mtaala wa Uganda, walikuwa wameanza shule kwa lugha ya nyumbani na kuhamia Kiingereza darasa la nne. Katika baadhi ya madarasa walimu waliwasomea watoto na kujadili nao. Katika mengine watoto walisoma kimyakimya kila siku. Shule nyingine zikaendelea na mazoezi ya kawaida ili kulinganishwa.

Baada ya miezi minane hivi, watoto wa mfuriko wa vitabu walikuwa wamepiga hatua katika kusoma na kuelewa kwa kasi iliyokaribia mara mbili ya kawaida. Mwaka uliofuata manufaa hayakufifia. Yaliongezeka, yakagusa uandishi na sarufi, na hata masomo mengine yaliyofundishwa kwa Kiingereza. Kwa anayesema riwaya zinaiba muda wa mtihani, hii ndiyo hoja anayopaswa kuijibu.

Lakini Kampala isome matokeo hayo kwa makini. Vitabu vya Fiji vingi vilikuwa vifupi na vyenye picha. Riwaya nene hazikuwa msingi wake. Vilikuwa 250 kwa darasa moja, si 30 kwa shule nzima. Na viliwekwa mikononi mwa watoto kila siku. Ondoa moja kati ya masharti hayo na huna tena haki ya kuyadai matokeo yale.

Tanzania ililijua hili kwa njia ngumu. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 ulikuwa na ubunifu wa kibiashara: mchapishaji anachapa nakala 5,000 za kitabu cha Kiswahili kilichopitishwa, mradi unanunua 3,000 na kuzigawa shuleni, na zinazobaki anaziuza mwenyewe. Vitabu vya Kiswahili vya watoto, ambavyo vilikuwa vimekaribia kutoweka madukani, vikaanza kuonekana tena. Baadaye mradi ulilazimika kuongeza mpango wa usomaji wenye mafunzo ya walimu na maktaba za shule, kwa sababu kitabu kufika shuleni na kitabu kusomwa ni mambo mawili tofauti. Kila aliyetembelea shule za Afrika Mashariki analijua kabati la ofisi ya mwalimu mkuu, lenye kufuli, lililojaa vitabu vipya visivyoguswa. Mwalimu mkuu hafanyi hivyo kwa ubaya. Mkaguzi atauliza vitabu viko wapi, na kitabu kilichochakaa au kupotea kitamgharimu yeye. Mfumo unaomwadhibu kwa upotevu na usiomsifu kwa usomaji umemfundisha kufunga kabati.

Kambi ya tatu: riwaya iwe nguzo ya masomo yote

Wazo hili linavutia zaidi kwenye karatasi. Darasa lisome riwaya moja kwa muhula, na masomo mengine yajengwe juu yake: ramani ya safari iwe jiografia, umbali na chakula cha njiani viwe hesabu, mto na wanyama viwe sayansi. Kuna vitabu vinavyoomba kutumiwa hivyo. Marimba ya Majaliwa ya Edwin Semzaba humzungusha msomaji Tanzania nzima. Mwalimu mwenye ramani ukutani hana haja ya kutafuta kisingizio. Chike and the River ya Chinua Achebe, ya mwaka 1966, imejengwa juu ya hamu ya mvulana kuvuka mto Niger, na mto ni somo zima.

Kikwazo cha kwanza ni cha kimuundo. Mtaala wa Uganda unayaunganisha masomo kwa mada katika madarasa matatu ya mwanzo, wakati mtoto bado hawezi kusoma riwaya. Anapoanza kuiweza, kuanzia darasa la nne, masomo yanatenganishwa na kila moja linapata mwalimu wake. Mwalimu wa hisabati hana sababu ya kusoma riwaya ya mwenzake wa Kiingereza, na hakuna anayemlipa kwa hilo.

Kikwazo cha pili ni cha kisanaa. Ukisimamisha hadithi kila kurasa mbili ili watoto wapime umbali, umeiua taharuki, na taharuki ndiyo iliyokuwa mtaji wako. Mtoto ana akili. Akigundua kwamba pango la maharamia ni zoezi la mzingo lililovalishwa nguo, hatakuamini kwenye kitabu kijacho. Njia hii hufaa mwalimu hodari, mara moja kwa mwaka, baada ya kitabu kwisha. Kuifanya sera ya shule zote ni kuzalisha maswali ya mwisho wa sura, jambo ambalo tayari tunalo kwa wingi.

Vitabu vya nani?

Rafu za shule nyingi zimejaa misaada. Book Aid International ya Uingereza hupeleka vitabu Uganda kupitia washirika kama Maktaba ya Taifa, na vitabu vya mitumba hupangwa kwenye mikeka karibu na stendi za teksi. Hivyo mtoto wa Ntinda huweza kuijua pwani ya Uingereza kuliko visiwa vya Ssese. Hoja ya kwamba vitabu vya nje vinamwondoa mtoto kwao ina uzito. Tukumbuke kwamba riwaya ya kwanza ya kusisimua kwa wasomaji wengi wa Kiswahili ilikuwa Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya mwaka 1929, ambamo Wazungu wanakuja Afrika kutafuta almasi na Mwafrika ni mwenyeji wao au kikwazo chao. Hata hivyo, mtoto mwenye mfululizo wa kigeni anaoupenda yuko mbele ya mtoto mwenye kitabu kimoja cha nyumbani kinachomchosha.

Kwa nini vya nyumbani huchosha mara nyingi? Kipaji kipo. Mary Karooro Okurut aliandika The Adventurous Sisters, na chama cha waandishi wanawake, FEMRITE, alichokiasisi kinafanya kazi Kampala tangu 1996. Sababu iko sokoni. Mchapishaji wa Kampala huishi kwa zabuni za serikali na oda za shule. Anayenunua ni mtu mzima, kwa hiyo kitabu huandikwa kimpendeze mtu mzima: mtoto mtundu anaadhibiwa, mtiifu anapata zawadi, na ukurasa wa mwisho una maswali. Riwaya ya kusisimua haiwezi kuishi katika hewa hiyo. Inahitaji watu wazima waondoke jukwaani ili watoto wakosee, wapange, wadanganye mlinzi na kujiokoa wenyewe.

Hapo ndipo suala la maadili linapoingia. Februari 2023 Waziri wa Elimu wa Tanzania, Profesa Adolf Mkenda, alipiga marufuku vitabu 16 katika shule, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa kwenda kinyume na maadili. Vitabu hivyo vinauzwa na kusomwa Kampala pia, na wazazi wengi walibaki wakijiuliza kama watoto wao wamelishwa sumu. Serikali ina haki ya kujua kilichomo katika maktaba za shule. Gharama ya marufuku ya jumla, hata hivyo, huwa kubwa kuliko orodha yake: mwalimu mkuu mwoga huondoa na vile ambavyo havikutajwa. Kwa kipimo kikali, hata Moses angefukuzwa tena. Shule ingetenda vyema zaidi kama ingekuwa na walimu wawili wanaokisoma kitabu chote kabla hakijaingia rafuni, kazi ambayo sasa hufanywa na uvumi wa WhatsApp.

Kiswahili nacho kinabisha hodi. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mjadala umekuwa juu ya walimu na vitabu vya kiada. Hakuna anayeuliza mtoto wa Kampala atakisoma nini kwa hiari yake, ingawa majirani wana vitabu vya kutosha kuanzia, Semzaba akiwamo, na Ndoto ya Amerika ya Ken Walibora kwa wakubwa kidogo.

Kwenye mizani

Kambi ya mtihani iko sahihi kuhusu darasa la saba na kuhusu mtoto asiyejua kusoma. Imekosea kuhusu miaka mitatu iliyo katikati. Kuanzia darasa la nne hadi la sita ndipo mtoto anapohamia kwenye Kiingereza cha masomo, ndipo Fiji ilipata matokeo yake, na ndipo mtihani bado uko mbali kiasi cha kuruhusu majaribio. Shule inayosubiri darasa la saba ili ibishane juu ya riwaya imechelewa.

Ndani ya miaka hiyo mitatu, ningeweka mbele kusoma kwa sauti. Nakala moja, dakika 15 kila siku, mwalimu anaishia pale hadithi inaponoga. Ni njia pekee inayowezekana katika darasa la watoto 70, na inamfikia hata yule ambaye hajaweza kusoma mwenyewe. Kwa miaka mingi ruzuku ya UPE haikuzidi shilingi 10,000 kwa mtoto kwa mwaka kabla ya kuongezwa kidogokidogo, na riwaya moja iliyoagizwa kutoka nje inaweza kuila yote. Kwa hiyo mpango wowote unaodai kitabu kwa kila mtoto ni mpango wa shule za ada kubwa tu. Kinachofuata ni mfululizo mmoja au miwili wenye nakala kadhaa za kila kitabu, kwa kuazimana. Vitabu kumi vinavyofuatana vina faida zaidi kuliko hamsini vilivyookotwa huku na kule. Riwaya kama nguzo ya masomo ibaki kwa mwalimu anayeitaka mwenyewe.

Bei ya mpango huu ilipwe bila kificho. Dakika 15 kwa siku ni zaidi ya saa moja kwa wiki, na itabidi itoke kwenye zoezi fulani ambalo mwalimu fulani analipenda. Vitabu vitachanika, vingine havitarudi, na wakaguzi watapaswa kukubali upotevu huo kama wanavyokubali chaki kuisha.

Kishawishi kikubwa kitakuwa kutahini riwaya hizo, kwa sababu Kampala huamini tu kinachotolewa alama. Kwa mwalimu mkuu anayehitaji tarakimu ya kumwonyesha mzazi, daftari la kuazima linatosha. Asihesabu waliochukua kitabu cha kwanza, maana hao waliagizwa. Ahesabu waliorudi wenyewe kudai cha pili.